Upepo wa ubavu na ndege ndogo wakati wa dekolaji (kupaa): maswali mnayouliza kila mara

Kuanzia mwezi wa nane hapa Lubumbashi upepo wa kusini-mashariki unaanza kuamsha vumbi, mabati yanapiga kelele usiku, na watu wanaopanda ndege ndogo kwenda migodini au vijijini wanaanza kuuliza maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja. Wanaojifunza kurusha watapata kitu, abiria pia. Wanaouliza kama ndege ikianguka mtu anasikia maumivu, hao sijibu.

Upepo wa ubavu ndio upi hasa?

Ni upepo unaotoka pembeni mwa pisti (njia ya kurukia ndege) badala ya kuja usoni. Ndege inapenda upepo wa usoni juu unaisaidia kupaa bila kukimbia sana, lakini ule wa pembeni hausaidii chochote, kazi yake ni kusukuma tu. Na mara mingi upepo hauji usoni kabisa wala pembeni kabisa, unakuja mshazari, kwa hiyo inabidi uukate vipande viwili, cha usoni na cha ubavu. Mapiloti wanabeba hesabu ya haraka kichwani: ukija kwa pembe ya digrii 30 na pisti, nusu ya nguvu yake ni ya ubavu, digrii 45 ni kama asilimia 70, digrii 60 karibu asilimia 90, ukipita hapo hesabu wote kuwa wa ubavu na usijidanganye.

Tuchukue Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi. Pisti yake ni 07/25, yaani upande mmoja inaelekea digrii 70 hivi, upande mwingine 250. Ripoti ya hali ya hewa ikiandika 13018G28KT, soma hivi: upepo unatoka digrii 130, noti 18, rafali (upepo wa ghafla unaokuja na kukatika) zinafika noti 28. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo 28 ni kama kilomita 52. Sasa 130 toa 70 unabaki na 60. Ukipiga hesabu, upepo wa ubavu ni kama noti 16, na rafali ikipiga ni 24. Hizo ndizo namba piloti anatakiwa kuwa nazo kichwani kabla ya kuwasha motere, si akiwa tayari amekaa mwanzo wa pisti na abiria wanamwangalia mgongo.

Mbona nasikia ile ndege ndogo ya Cessna 172 mwisho wake ni noti 15? Hiyo si kidogo sana?

Hapo watu wanachanganya. Kitabu cha 172 kinaandika noti 15 kama upepo wa ubavu “ulioonyeshwa”, maana yake piloti wa kiwanda alijaribu ndege kwenye upepo huo na ikakubali. Siyo ukuta kwamba ukifika 16 ndege inapinduka. Sheria ya Marekani waliyotengenezea ndege hizi ilidai tu kwamba ionyeshwe kwenye upepo wa ubavu usiopungua asilimia 20 ya ule mwendo ambao chini yake ndege haishikiki tena hewani ikiwa tayari kutua, ambayo kwa 172 ni kama noti 10. Kiwanda kikapita hapo kikaandika 15.

Lakini yule aliyeonyesha ni piloti wa majaribio, anafanya kazi hiyo kila siku, na ndege ilikuwa mpya, matairi mapya, breki zote mbili zinashika sawa. Wewe mwenye leseni ya mwaka jana, unayerusha mara moja kwa mwezi wakati pesa ya mafuta imepatikana, 15 ya kitabu si yako. Mwalimu mzuri atakupa namba yako, labda 7, labda 8, na itapanda kadiri unavyozoea. Na hesabu ifanyike kwa namba ya rafali. Ukihesabu ya wastani umejidanganya.

Rafali na upepo wa kawaida tofauti ni nini? Si wote ni upepo?

Upepo mkali lakini usiobadilika unaweza kuzoeana nao, unajua mkono ukae wapi na mguu ukanyage kiasi gani. Rafali inakuja na kuondoka, na shida kubwa iko kwenye kuondoka. Umeshaona mtu wa baiskeli ya makala (mkaa) kwenye barabara ya kuingia mjini, amebeba mifuko imemzidi kimo, upepo unampiga ubavuni naye ameegemea upande wa upepo ili asianguke? Lori kubwa likipita upande ule linazuia upepo ghafla, na yeye anaangukia kule kule alikokuwa ameegemea. Ndege kwenye pisti iko hivyo. Piloti ameweka dawa ya noti 24, upepo unashuka kuwa 14, dawa imekuwa nyingi, anapunguza, halafu 24 inarudi.

Kuna jambo la pili. Mwendo unaoinua ndege ni ule wa hewa juu ya mabawa, siyo wa matairi. Kipande cha usoni cha rafali kikiongeza noti 8 ndege inajisikia tayari kupaa, inapaa, halafu noti 8 zinaondoka na ndege iko mita mbili juu haina cha kushikilia. Ripoti inaandika ile G pale tu rafali zinapozidi wastani kwa noti 10 au zaidi, kwa hiyo ukiiona usiisome haraka haraka.

Sasa ajali yenyewe inatokea namna gani?

Hili ndilo mnaloniuliza kuliko yote, na ukisoma ripoti nyingi za ajali hizi utaona sura karibu ile ile.

Piloti anaingia kwenye pisti vizuri, volani (usukani) ameigeuza yote upande wa upepo kama alivyofundishwa. Anasukuma gazi (mkono wa nguvu za motere). Upepo unausukuma mkia kwa sababu ule mkia uliosimama ni mpana, pua inataka kugeukia upepo, yeye anakanyaga palonye (pedali ya mguu inayogeuza pua) ya upande wa pili kuirudisha kwenye mstari. Noti 20, noti 30, kila kitu kinaenda sawa, na hapa ndipo akili yote inahamia kwenye saa ya mwendo na kwenye palonye, mkono unasahau kazi yake, volani inarudi katikati yenyewe. Hakuna aliyeamua kuirudisha. Imerudi tu.

Bawa la upande wa upepo linainuka. Gurudumu la upande ule linaacha ardhi, ndege inakimbia kwa gurudumu moja kubwa na lile la pua, tairi zinalia, na mstari mweupe uliokuwa katikati ya kioo sasa uko pembeni. Piloti anashtuka na kufanya kile ambacho mwili unataka, anavuta, ili atoke pale chini haraka. Na ndege inapaa kweli! Karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa (172 ni mita 11), hewa inaibeba hata kabla haijapata mwendo wa kuendelea kuruka. Anafikiri amepona. Halafu rafali inakatika, ndege inashuka tena, lakini wakati huo upepo umeshaisogeza pembeni na pua haielekei kule ndege inakokwenda, gurudumu linagusa kwa ubavu.

Kutoka hapo ni bahati. Mguu wa gurudumu unaweza kuvunjika, ncha ya bawa inaweza kukwaruza lami, au ndege inaingia kwenye majani na huko kuna mtaro. Wengi wa aina hii wanatoka wazima, wanabaki na ndege iliyokunjwa propela na deni. Wanaokufa mara mingi ni wale walioendelea kuvuta pua juu wakati mwendo haupo, ndege ikapoteza hewa kwenye mabawa kwa kimo cha nyumba mbili tatu, bawa moja likaanguka kwanza. Kwa kimo hicho hakuna nafasi ya kurekebisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia “upepo ulimwangusha”, namuuliza volani ilikuwa wapi na alivuta kwenye noti ngapi.

Ni kweli upepo wa kushoto ni mbaya kuliko wa kulia?

Kwa ndege zenye motere moja mbele kama Cessna na Piper, ndiyo. Propela yake ukiiangalia kutoka kiti cha piloti inazunguka kwenda kulia, na kwa sababu kadhaa (hewa inayozunguka mwili na kupiga mkia, mzunguko wenyewe wa motere) pua inavutwa kushoto ukiweka gazi yote. Upepo wa kushoto nao unageuza pua kushoto. Mambo mawili yanajumlishwa, na mguu wa kulia peke yake unabeba yote. Upepo wa kulia unapunguziana kidogo na motere.

Ndiyo maana pale Luano upepo wetu wa kusini-mashariki ukitumia pisti 07 unakuja kutoka kulia, angalau hiyo. Yule anayetaka kutumia 25 kwa uvivu wa kutozunguka hadi mwisho wa pili anaupata kutoka kushoto, tena na noti 9 za kumsukuma mgongoni kwenye ule mfano wa juu. Mvivu huyo nisimwone.

Na ndege za gurudumu la nyuma, zile zenye gurudumu dogo chini ya mkia?

Zinataka mguu wa mtu aliyezifundishwa. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo zikianza kugeuka zinataka kuendelea kugeuka mpaka mkia upite mbele. Ile ya gurudumu la pua ikigeuka kidogo inataka kujinyoosha yenyewe.

Huku kwetu tuko juu. Hiyo inabadilisha kitu?

Inabadilisha mingi, na vitabu vya wazungu vilivyoandikwa kwa pisti za pwani havikwambii kwa sauti ya kutosha. Luano iko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari, Goma inapita 1,500, Kavumu ya Bukavu iko kama 1,700. Chukua Luano saa nane mchana mwezi wa kumi, digrii 30. Hewa ni nyepesi kama ya mita 2,170 hivi. Motere isiyo na turbo imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Saa ya mwendo ikikuonyesha noti 55, ule mwendo wa kuinua pua kwenye 172S (toleo moja la Cessna 172), matairi kwa kweli yanakimbia kama 61 kama upepo umetulia.

Maana yake unakaa kwenye pisti muda mrefu zaidi, kila sekunde hiyo rafali ina nafasi ya kukupiga, na ukikosea unakosea kwa mwendo mkubwa zaidi. Halafu ukishatoka ardhini ndege inapanda polepole, inabaki kwenye ile hewa ya vurugu ya chini. Mtu aliyejifunza Ubelgiji au Afrika Kusini pwani akija huku na mazoea yake anashangaa sana siku ya kwanza.

Zile ajali za Goma zilikuwa za upepo wa ubavu?

Msizichanganye. DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ya tarehe 15 Aprili 2008 ni jeti kubwa iliyopitiliza mwisho wa pisti ikaingia mtaa wa Birere, na pisti ile ilikuwa imekatwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002. Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee ya 24 Novemba 2019 ilianguka mtaa wa Mapendo mara baada ya kupaa. Siyo hadithi za ndege ndogo kusukumwa nje ya pisti kwa ubavu.

Tupe basi ajali inayojulikana ya upepo.

Mbili, zote za Marekani, kwa sababu kule ripoti inaandikwa mpaka mwisho na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Ya kwanza ni ya Cheyenne, Wyoming, 11 Aprili 1996. Cessna 177B, ndani kuna mtoto wa miaka saba, Jessica Dubroff, waliyetaka avuke Marekani yote akiwa kwenye usukani, baba yake na mwalimu wa kurusha. Uwanja wa Cheyenne uko juu zaidi ya mita 1,870, yaani juu kuliko hata Kavumu. Asubuhi ile mvua ya radi inakuja, upepo una rafali, ndege imezidisha uzito kwa kilo 40 na kitu, na waandishi wa habari wanangoja kwenye kituo kinachofuata. Wakaondoka. Ndege ilipoteza mwendo ikaanguka muda mfupi baada ya kupaa, wote watatu wakafa. Wachunguzi wa ajali wa Marekani (NTSB) walilaumu uamuzi wa mwalimu kuondoka kwenye hali hiyo ya hewa na uzito huo, kwenye hewa nyepesi asiyoizoea. Angalia vizuri: kila kitu kimoja kimoja kingeweza kuvumilika. Ratiba ndiyo iliyovifunga pamoja.

Ya pili ni ndege kubwa lakini inafundisha mguu. Denver, 20 Desemba 2008, Boeing 737 ya kampuni ya Continental inaanza dekolaji, upepo wa kushoto wenye rafali za kufika noti 45 hivi. Kapiteni alikuwa anakanyaga palonye ya kulia vizuri kabisa, halafu akaiacha, sekunde kama nne kabla ya ndege kutoka nje ya pisti upande wa kushoto. Watu 115 ndani, hakuna aliyekufa, ndege iliungua. Kama boeing nzima inatoka nje kwa sababu ya sekunde nne za mguu, wewe na ka-Cessna kako ka kilo elfu moja na kidogo utasema nini.

Piloti afanye nini basi? Eleza kama kwa mwanafunzi.

Mwalimu wako ndiye wa kukufundisha, hapa nakupa picha tu. Kutoka maegesho tayari mikono inafanya kazi, juu hata kwenye kutembea polepole upepo unaweza kuinua bawa, hasa zile zenye mabawa juu. Ukifika kwenye mstari, volani yote upande wa upepo kabla ya gazi. Kadiri mwendo unavyopanda eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoendeshwa na volani) zinapata nguvu, kwa hiyo unapunguza kidogo kidogo, lakini huirudishi katikati kabisa. Miguu inashika mstari wa katikati, macho yako mwisho wa pisti.

Unaiacha ardhini noti chache zaidi ya kawaida, halafu unaitoa mara moja, bila kuibembeleza, ili isirudi kugusa. Ila usiisukume pua chini kwa nguvu ati uishikilie, uzito ukihamia kwenye gurudumu la pua ndege inaanza kuzungukia pale. Ikipaa unaiacha igeuze pua kidogo upande wa upepo, mabawa yako sawa, inafuata mstari wa pisti huku inaangalia pembeni. Ndugu zako waliokusindikiza watapiga kelele kwamba inakwenda upande. Waache, iko sawa.

Ikianza kupotea, aache au aendelee?

Kama bado magurudumu yako chini na mstari umekuponyoka, funga gazi. Usingoje. Kuna kanuni ya zamani: kama nusu ya pisti imefika na hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kupaa (kwa 172S ni kama noti 38 au 39), acha. Mimi naongeza kwamba bawa likiinuka mara moja ukashindwa kulirudisha papo hapo, acha pia. Ukifunga gazi endelea kushika volani upande wa upepo, wengi wanaachia kila kitu wakidhani imekwisha. Kwenye Luano, zaidi ya kilomita tatu za lami, 172 inaweza kuacha na bado ikabaki na pisti ya kucheza mpira. Kwenye pisti ya porini ya mita 700 hesabu hiyo ifanye kabla.

Pisti za porini zina hatari gani zaidi?

Miti. Pisti iliyokatwa ndani ya miombo inakuwa na utulivu wa uongo chini, majani hayatikisiki, ndege inapaa vizuri, ikifika kimo cha miti inakutana na upepo wote kwa mara moja. Au kuna pengo kwenye miti, barabara ya zamani ya kampuni au shamba, na upepo unapita pale tu, mita hamsini za katikati ya pisti. Kabla ya kuondoka tembea pisti kwa miguu, angalia hayo mapengo, angalia na vichuguu, vya kwetu Katanga vinaweza kupita kimo cha ndege yenyewe.

Halafu ile soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Za kiwango cha Marekani zinanyooka zote kwenye noti 15, baada ya hapo iwe 20 iwe 35 inaonekana ile ile. Na nyingi za huku zimechanika mkiani, zimeliwa na jua mpaka rangi nyekundu imekuwa ya waridi, zimefungwa kwenye mti nyuma ya kibanda cha mlinzi ambako upepo haufiki. Angalia moshi. Msimu wa kuchoma majani moshi hauko mbali, unakwambia ukweli zaidi.

Saa gani ni nzuri ya kuondoka?

Asubuhi mapema. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inatulia, upepo mkali unabaki juu. Jua likipasha ardhi, kuanzia saa nne saa tano hewa inachanganyika na rafali zinashuka. Msimu wa mvua ongeza mawingu ya radi ya mchana, yanatuma upepo wa ghafla kilomita nyingi mbele ya mvua, unaona jua limewaka kwako na kule mbali ukuta wa vumbi unakuja. Ukiuona huo, ndege ifungwe kamba.

Mimi ni abiria tu, mama wa biashara. Nifanye nini?

Mama, kwanza sema kilo za kweli. Ule mfuko wa bunga unaoingizwa dakika ya mwisho “ni mudogo tu” ndio ule ule wa Cheyenne. Pili, piloti akisema tunangoja upepo, usimwite mwoga na usimwambie soko linafungwa saa tisa, juu wengine wana miaka 25 na maneno yako yanaingia. Kama una wasiwasi muulize kwa heshima: upepo wa ubavu leo ni noti ngapi, na wewe mwisho wako ni ngapi? Anayejua kazi atakupa namba mbili bila kukasirika. Akikucheka au akisema “Mungu yuko”, uko na haki ya kushusha muzigo wako, na suala la kurudishiwa pesa ya tiketi uwe umeliuliza jana yake wakati wa kulipa, siyo pale chini ya bawa.